Chivoti Kilichoniita

Saidi alinipigia simu asubuhi, nikichagua mchele, akaniambia, "Dada, Bi Mwanatumu ametutoka." Nikasema innalillahi, nikaweka sinia chini. Bi Mwanatumu hakuwa jamaa yetu. Hatukuwa na damu naye, wala hatukuwahi kulala kwake hata usiku mmoja. Lakini jina lake lilikuja pamoja na moshi wa makumbi na harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, nikamwona kama alivyokuwa nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa: amesimama nami ukingoni mwa shamba la muhogo kule Mtongwe, mchi begani, akinicheka mpaka leso ikamteleza kichwani.

Alizikwa baada ya adhuhuri. Wanaume walipompeleka, sisi wanawake tulibaki mikekani, na mimi nikawa nimekaa na mdogo wangu Rehema aliyekuja kutoka Kisauni. Omari alikuwa ametoka Changamwe, bado amevaa sare ya kazi. Saidi ndiye aliyeshika upande mmoja wa jeneza. Ndugu wanne, wote watu wazima sasa, wote tuko pale. Mwanamke mmoja asiyetujua aliniuliza tulikuwa akina nani kwa marehemu, nikashindwa kumjibu kwa ufupi. Ningemwambia nini? Kwamba kuna mwaka mmoja ambapo tulikuwa karibu tuwe watoto wa nyumba nne mbalimbali, na kwamba kilichotubakisha ni kipande cha mti chenye matundu, na kwamba mama huyu alikuwepo nilipokichagua? Nikamwambia tulikuwa majirani. Jibu hilo limenikera tangu siku ile, ndiyo maana naandika.

Ya kabla ya mwaka huo sitayagusa. Inatosha kusema kwamba baba alitangulia, mama akafuata, na siku ya arobaini ya mama nilikuwa uani kwa Bi Riziki, mwenye nyumba wetu hapo Likoni, nakosha masinia ya pilau huku jamaa wakizungumza ukumbini. Walidhani maji yanawazibia sauti. Nilimsikia shangazi akisema, "Huyo mdogo wa kike nipeni mimi, ataniokotea kuni." Mwingine akamtaka Omari. Kisha nikamsikia Ami Bakari, mdogo wake baba, mwenye duka la unga Lunga Lunga: "Saidi aje dukani kwangu. Kijana wa miaka kumi na tano, mji huu utamla." Mimi walikuwa wamenitafutia mchumba, mwanamume ambaye jina lake sikulikamata kwa sababu sahani ilianguka. Niliingia na mikono yangu inachuruzika maji, nikasema, "Hatugawanyiki." Shangazi alicheka, si kwa ubaya. Ami Bakari hakucheka. Akasema, "Haya, Mwanajuma. Nakupa mpaka Idi kubwa ipite. Nitakuja mwenyewe. Nikimkuta Saidi anazurura, ninamchukua, na akitoka mmoja hao wengine nao watatoka. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Nilikuwa sijui nimekubali kitu gani.

Tulikuwa tukikaa chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Kuta hazikufika paani, kwa hivyo kikohozi cha mmoja kilikuwa cha nyumba nzima. Mimi na wadogo wawili tulilala kitandani, Saidi mkekani karibu na mlango. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi, na mbaazi za nazi siku nilizowahi kuzipika jana yake. Kisha nilikwenda Shelly Beach kwenye nyumba ya wageni nilikokuwa nafua mashuka. Kazi hiyo niliipata kwa sababu dobi wa kwanza alikuwa mgonjwa wa mgongo, na niliishika kwa sababu sikuwahi kuchelewa. Shule nilikuwa nimeiacha kabla ya mtihani wa mwisho wa msingi. Nikirudi alasiri vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, nilipika sima na mchicha, tukala kimya. Huo ukimya niliufundisha mimi. Bi Riziki alikuwa mtu mwema lakini hakupenda kelele, na nilikuwa nimeona wapangaji wakihamishwa kwa mambo madogo. "Polepole," nilikuwa nikiwaambia. "Usiburute hicho kiti. Cheka kidogo. Lia ndani ya mto." Rehema, aliyekuwa na miaka minne, alijifunza kukohoa ndani ya kiganja. Jirani yetu wa ukuta wa pili, Baba Otieno, mtu wa bara aliyefanya kazi bandarini, aliwahi kuniuliza uani kama watoto wangu ni wazima, maana hawasikiki. Nililichukua kuwa sifa.

Saidi ndiye ambaye sikuweza kumnyamazisha, kwa hivyo alitoka. Shule aliiacha bila kuniambia. Alikuwa akishinda kwenye feri na vijana waliokuwa wakibeba mizigo ya watu na kutafuna mirungi, na huko ndiko alikojitengenezea filimbi kwa kipande cha bomba la maji la plastiki, akalitoboa kwa msumari wa moto. Alipuliza kama wapulizavyo Wadigo chivoti chao, kwa ubavu, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia. Nani alimfundisha sijui. Nadhani alitazama tu. Siku moja akamkuta Bwana Nassoro, fundi wa makochi aliyekuwa na karakana yake Mtongwe na pia kikundi cha ngoma kilichokuwa kikialikwa harusini. Vikundi vingine vilikuwa na mpiga nzumari. Cha Nassoro kilikuwa na chivoti, na mpulizaji wake alikuwa amezeeka pumzi zikamwisha. Nassoro alisimama akamsikiliza Saidi mpaka feri ikamwacha. Kisha akamwambia, "Mdomo unao. Lakini hilo bomba kalirudishe chooni ulikolitoa. Nenda kwa Mzee Hamisi akupe chivoti cha mti, uje nacho. Anayenipulizia ngomani hushinda kwangu karakanani. Sitaki mtu wa feri."

Saidi alirudi nyumbani akikimbia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akikimbia ukumbini, na mara ya kwanza kutomkataza. Niliona yote mara moja: karakana mchana, ngoma jioni, na Ami Bakari akija Idi ikipita anamkuta kijana mwenye kazi. Kilichobaki ni kifilimbi tu. Nilifikiri ni jambo la kwenda na kurudi, kama kununua ndoo.

Mzee Hamisi alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, nyumba yake ya udongo nyuma ya shamba la muhogo. Tulipiga hodi, tukaitikiwa, nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba huku akiangalia vidole vya Saidi, si sisi. Wengi hutengeneza chivoti kwa mwanzi. Yeye alitumia mti mmoja wa porini wenye kiini laini, akaanika vijiti vyake juu ya jiko la mkewe mpaka vikolee moshi, kisha akaunguza kiini kwa chuma chekundu, polepole, kwa siku nyingi. Jikoni mwake vilining'inia kwa kamba, vyeusi, vinang'aa mafuta ya nazi, vingine vimenyooka, vingine vimepinda kidogo, na upepo ulipopita kwenye tundu la dirisha vilikuwa vikitoa mlio mdogo sana, kama watu wanaovuta pumzi usingizini. Nilisimama mlangoni nikasahau kuvua viatu. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kuwa na sauti ndani yake kabla hakijapulizwa.

Saidi alinyoosha mkono achukue kimoja. Mzee Hamisi akaupiga kofi jepesi. "Wewe utapuliza. Kuchagua si kwako." Akamuuliza, "Unalala nyumba moja na nani?" Saidi akanielekeza kwa kidevu. Mzee akanigeukia. "Basi huyu ndiye atakayechagua." Nikamwambia mimi sijui ngoma, mimi nafua mashuka. Akasema, "Ngoma haina haja na wewe. Anayepuliza husikia kwa mifupa ya kichwa chake, kila chivoti kwake ni kitamu. Mimi nataka masikio ya mtu mwingine, tena mtu asiyeweza kumkimbia." Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, na mkewe, Bi Mwanatumu, aliyekuwa uani akipepeta, akaongeza bila kuinua kichwa, "Msibishane naye. Alishamrudisha bwana harusi hapa akamlete mama mkwe."

Nilikalishwa ndani, chumba cha giza, juu ya kitanda cha kamba. Saidi akapelekwa nyuma ya jiko, na Mzee akawa anampa kimoja kimoja. Kabla hawajaanza alichungulia mlangoni akaniuliza, "Kitasikiwa wapi, binti?" Nikamjibu bila kufikiri, "Nyumbani." Akanitazama kama aliyetaka kusema jambo, akaondoka. Kisha nikasikia. Cha kwanza kilikuwa kikali kikanitoboa sikio. Cha pili kilikwaruza. Nilivikataa upesi. Halafu kikaja kimoja chembamba cha sauti, laini, kama mtu anayeongea karibu na shingo yako ili watoto wasiamke. Sikujua mdogo wangu alikuwa na kitu kama hicho ndani yake. Kijana aliyenijibu kwa mabega tangu msiba, sasa alikuwa akizungumza nami kupitia ukuta wa udongo, na hakuwa na hasira hata kidogo. Nikasema, "Hicho." Mzee akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. "Haya," akasema. "Kikiwashinda, kirudisheni. Lakini urudi wewe."

Jumamosi tulikwenda kwa Bwana Nassoro. Nilikaa na wadogo wangu juu ya kochi lisilo na kitambaa, chemchemi zake zinatuchoma, tukatazama wapigaji wakikaza ngozi kwa moto wa karatasi. Msondo ukaanza, chapuo zikafuata, kisha mtu akagonga upatu wa shaba na chumba chote kikatetemeka kifuani mwangu. Saidi akainua chivoti. Niliona midomo yake, nikaona mashavu, nikaona vidole vikienda. Sikusikia kitu. Omari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ameanza?" Bwana Nassoro akainua mkono, ngoma zikanyamaza, akamkaribia Saidi akiwa ameinamisha sikio kama daktari. "Kijana," akasema, "unapuliza au unapoza chai?" Wapigaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Nassoro naye akacheka, akampigapiga begani, akamwambia hapo hakuna kosa lake, lakini bila chivoti cha kusikika hana nafasi, na harusi ya kwanza ni mara baada ya Idi ndogo, Ramadhani ikiisha. Saidi alikiweka chivoti mapajani mwangu, akatoka. Siku ya pili alikuwa ameshinda feri, na ya tatu vilevile.

Nilimfuata Mzee Hamisi nikiwa na hasira, mashuka ya watu yamebaki majini. Nikamwambia, "Mzee, mbona hukuniambia?" Alikuwa akiunguza kijiti, chuma kikilia ndani ya mti, na hakusimamisha mkono. "Nilikuuliza kitasikiwa wapi. Ukasema nyumbani. Hicho ni cha nyumbani. Ukipuliza hicho chumbani, hata jirani hajui." Akatoa chuma, akakirudisha motoni. "Na ndicho ulichokitaka. Uliogopa nani?" Nilifungua mdomo nimjibu kwamba sikumwogopa mtu. Badala yake nikamwona Rehema akikohoa ndani ya kiganja. Nikakumbuka nilivyosifiwa na Baba Otieno, nikaelewa kwamba hakuwa ananisifu. Katika vyote vilivyoning'inia pale, nilikuwa nimemchagulia mdogo wangu kile ambacho Bi Riziki hangekisikia. Nilichagua kama mpangaji. Nilijifunika uso kwa leso, nikakaa chini pale pale kwenye majivu. Mzee Hamisi hakunibembeleza. Bi Mwanatumu aliniletea kikombe cha maji ya dafu, akasimama mpaka nikanywa, akasema, "Sasa mlete mwenye mdomo."

Nilimkuta Saidi amekaa juu ya gunia la mtu karibu na lango la feri, na wenzake wanne. Mmoja wao akasema, "Saidi, mamako amekuja." Mwingine akasema, "Si mama, ni polisi." Sikuwajali. Nikamwambia, "Simama twende kwa Mzee Hamisi." Akasema bila kuniangalia, "Dada, kirudishe tu. Waniache. Nitakwenda Lunga Lunga." Alilisema kwa upole, na huo upole ulinitisha kuliko makelele. Nikamwambia, "Safari ile nilikosea mimi, si wewe. Niliomba kidogo. Leo naomba kikubwa. Lakini mimi sina mdomo, Saidi. Mimi nina masikio tu." Yule kijana wa kwanza akasema, "Nenda bwana, dadako anakuaibisha," akamsukuma atoke juu ya gunia. Wallahi mpaka leo simjui jina, lakini nimemwombea mara nyingi.

Safari hii Mzee Hamisi hakunikalisha ndani. Alimwambia mkewe, "Mpeleke mbali." Bi Mwanatumu alikuwa kinuni. Akamwachia mkaza mwanawe atwange kwa mchi wa pili, yeye akatoka na wake begani, akaniongoza kupita muhogo mpaka ukingoni, kwenye barabara ya vumbi ambako malori ya mchanga yalikuwa yakipita. Upepo ulikuwa wa kutoka ufukoni, ukibeba sauti kuipeleka upande mwingine. Nilisimama nikielekeza uso kule kwa Mzee Hamisi, nimekaza masikio mpaka shingo ikauma. Sikusikia chochote ila kinu, dum, dum, na majani. Nadhani vivoti vitatu au vinne vilipita hivyo. Mara nyingine nilisikia kipande, kama neno moja la mtu anayezungumza chumba cha tatu, kisha basi. Bi Mwanatumu akawa ananisimulia habari za kuku wake. Alikuwa na kuku mwekundu aliyekuwa akitaga kwa jirani, na jirani huyo, ati, alidai kwamba yai ni la aliye na kiota. "Nikamwambia, basi na mimi mwanao akilala kwangu ni wangu?" Sikutaka kusikiliza habari za kuku, lakini alikuwa mtu mzima, na mimi nililelewa. Nikamgeukia, nikawa namjibu, ehe, ikawaje, na akaendelea, kuku akatoroka tena, yeye akamfuata, na nilikuwa katikati ya kucheka niliposema, "Abee."

Bi Mwanatumu akanyamaza. "Sikukuita mimi," akasema.

Nikatazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeitwa, hilo nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua jina langu, na nilikuwa nimeitika kama msichana yeyote wa huku kwetu anavyoitika akiitwa na mkubwa wake, mdomo ukitangulia akili. "Nani aliyeniita?" nikauliza. Naye akaanza kucheka, leso ikamteleza, akanielekeza kwa mchi kule kwenye nyumba. "Hebu sikiliza."

Ndipo nikasikia kwa kujua kwamba nasikia. Sauti ilikuwa ikija juu ya muhogo, haina haraka, inapita kando ya mdundo wa kinu bila kugombana nao, inapanda, inakaa, inashuka. Lori likapita katikati yetu, nikasema imekwisha. Lori likaondoka na vumbi lake, na sauti ilikuwa bado ipo pale pale ilipokuwa, kama mtu aliyekaa kando akapisha gari kisha akaendelea na safari. Haikuwa tamu kama ile ya kwanza. Ilikuwa na kitu cha ukali ndani yake, kama pilipili kwenye nazi. Bi Mwanatumu akanishika kiwiko. Nimesali katika misikiti mikubwa tangu wakati huo, nimesimama mbele ya maiti na mbele ya watoto wachanga, na sijawahi tena kuhisi vile: kwamba nilikuwa mdogo sana, na kwamba hata hivyo nilikuwa nimetajwa. "Umeitika," alisema Bi Mwanatumu akijifunga leso upya. "Basi. Hakuna cha kuchagua tena."

Tuliporudi kwa Mzee nikakiona. Kilikuwa kibaya kupita vyote. Kilikuwa na fundo la mti karibu na tundu la mdomo, kimeungua upande mmoja, na kwa karibu kilitoa mlio wa pumzi kama wa ushuzi, kiasi kwamba Mzee Hamisi mwenyewe alikuwa amekipachika pembeni, nyuma ya vingine. "Hiki nilikitengeneza mwaka juzi," akasema akikigeuzageuza. "Kila mtu hukikataa akiwa ndani." Akakipaka mafuta, akampa Saidi kwa mikono miwili.

Bwana Nassoro alikisikia, akampokea Saidi karakanani na kumwambia ajizoeze kila siku; sasa ilibaki nyumba. Bi Riziki alikuwa na imani, na si yeye peke yake, kwamba anayepuliza filimbi ndani anaita nyoka. Nilimwendea chumbani kwake baada ya alasiri, nikakaa sakafuni, nikamwambia kwamba kijana wangu atapuliza uani kila siku kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi, na kwamba nimekuja kuomba, lakini nikikataliwa nitatafuta chumba kwingine. Sikuwa na chumba kwingine. Akaniuliza, "Na nyoka akija, utamfukuza wewe?" Nikasema, "Nitamfukuza mimi." Kutoka upande wa pili wa ukuta Baba Otieno akasema, kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama Riziki, wacha kijana apige. Hiyo nyumba ilikuwa kimya kama mochari." Bi Riziki akamjibu, "Wewe lala, huna haya, wasikiliza maneno ya wanawake." Lakini hakunikatalia. Wiki ya kwanza ya Ramadhani alikuwa akifunga mlango wake kwa kishindo Saidi akianza. Wiki ya pili aliuacha wazi. Jioni moja Saidi alirudia pahali pamoja mara nyingi, nikamsikia Bi Riziki akigonga ukuta, nikadhani sasa tumehamishwa, na sauti yake ikaja juu ya ukuta usiofika paani: "Hapo unakimbia. Subiri ngoma ikufikie." Kumbe alikuwa amecheza sana ujanani mwake. Rehema akacheka kwa sauti, kicheko kizima, na sikumwambia polepole.

Ami Bakari alikuja siku chache baada ya Idi kubwa, kama alivyosema. Alitukosa nyumbani. Bi Riziki alimwambia tuko Mtongwe harusini, akaja kwa miguu kutoka stendi, na ndivyo ikawa kwamba alimsikia Saidi kabla hajamwona. Mimi nilikuwa nimesimama mbali na ngoma, karibu na barabara, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nimejifunza kusikiliza. Nilimwona akija na mkoba wake wa ngozi. Akasimama. Alikuwa amenipita bila kuniona, amenipa mgongo, na kwa muda mrefu niliona mgongo huo tu. Upatu ulikuwa ukilia, wanawake wanapiga vigelegele, na juu ya vyote hivyo kile chivoti kibaya kilikuwa kikipita wazi kabisa. Aliponiona aliniuliza, "Nani huyo apulizaye?" Nikasema, "Ni Saidi." Akasema, "Saidi yupi?" Nikasema, "Saidi wako." Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa. Akaniuliza mchana anashinda wapi, nikamwonyesha Bwana Nassoro, nikamwambia habari za makochi. Akaniuliza wadogo wanakula nini. Nikamwambia wanakula ninachokula. Tulisimama hapo mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza. Kisha akasema, "Huyu nikimpeleka dukani, Mwanajuma, atanipulizia kwenye magunia ya unga, wateja wote watatoka weupe." Ndivyo alivyonipa jibu lake. Akala biriani ya harusi, akarudi Lunga Lunga peke yake, na jambo la kugawanywa halikutajwa tena na mtu yeyote mpaka alipokufa.

Mzee Hamisi alitangulia miaka mingi iliyopita. Bi Mwanatumu alipofuata, mwana wao alingoja arobaini ipite, kisha akatuita. Walikuwa wakivitoa vivoti vya zamani jikoni, na alitaka kujua kama kile cha Saidi bado kinasema. Saidi alikileta kimefungwa kwenye kitambaa cha kochi. Yeye mwenyewe hapulizi sana siku hizi, midomo imelegea. Akaenda nyuma ya jiko. Mimi na Rehema tukatoka, tukapita pahali palipokuwa na muhogo, sasa nyumba za mawe, mpaka ukingoni. Ile barabara ya vumbi imetiwa lami, na tuktuk hazipungui hata dakika moja. Sikio langu la kushoto limezima, na hilo la kulia ni la kubembeleza. Nilisimama pale pale na nikaogopa, nakiri, kwamba safari hii nitasimama mpaka jua lizame na hakuna kitakachonifikia. Rehema hakujua kwa nini tumesimama. Hakumbuki mwaka ule, alikuwa mdogo mno. Alikuwa akinisimulia habari za mkwewe, sauti yake kubwa kama kawaida yake, watu wa upande wa pili wa barabara wanageuka kumtazama. Katikati ya maneno akakatiza. Akasema, "Abee."

Akatazama nyuma, kisha akanitazama mimi. "Umeniita, dada?"

Mimi nilikuwa sijasikia kitu bado. Nikamshika kiwiko, nikageuza sikio langu la kulia upande wa nyumba, nikangoja tuktuk ipite.